Kura za Njano

Mama Ipyana alisimulia hivi, na kabla ya kusimulia aligusa ulimi kwa kidole kisha akakielekeza juu, ndicho kiapo chake: kwamba juzi asubuhi kisanduku cha kura kilimshukuru Sekela, yule wa nyumba ya bati jekundu, bila Sekela kutaja mtu yeyote. Sekela alikuwa kitandani, mguu uliovunjika umenyooshwa juu ya mito. Hakukohoa. Hakuguna. Kisanduku kikasema, "Asante, mama, kura yako imepokelewa," na taa yake ikawaka njano kama jicho la paka.

"Umejuaje, na mlango huwa nafunga mwenyewe?" Tusekile, mbeba kisanduku, alimuuliza.

"Dirisha hukufunga."

"Kwa hiyo ulichungulia kura ya mtu."

"Nilikuwa naanua nguo," alisema Mama Ipyana. "Au siku hizi tunaanua macho tumefumba?"

Tusekile alikaza mkanda wa kisanduku begani. Hakuwa mwepesi wa kumwamini jirani yake huyu. Ni yeye Mama Ipyana aliyetangaza mwaka jana kwamba kisikizi cha ukutani kwake, kifaa cha kusikilizia wagonjwa, kilimcheka alipoteleza bafuni, mpaka fundi wa visikizi akatumwa kutoka wilayani, akakuta ni panya. Lakini hakuwa mwepesi wa kumpuuza pia. Taa ya njano ameiona kwa macho yake. Si kwa Sekela peke yake.

"Mimi nakwambia tu," Mama Ipyana alimsindikiza kwa sauti, nguo zimejaa mikononi. "Hicho unachobeba kinajua mambo. Kiangalie vizuri kabla hakijakuangalia wewe!"

Kata ya Itebula ilikuwa na visanduku viwili vya kura za nyumbani. Kimoja kilizunguka bondeni. Cha pili alikibeba Tusekile upande wa mlimani, kwenye chai na migomba, siku tatu mfululizo, nyumba kwa nyumba. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na saa kumi jioni kingejifunga chenyewe.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka mtu mwenye subira. Unaingia, unasalimia, unakiweka kisanduku juu ya kigoda. Mpiga kura anakisalimu, nacho kinamtambua kwa sauti, kwa sababu vidole vya wachuma chai vimelika na majani na havisomeki tena. Kisha unatoka nje, unafunga mlango na kuupa mgongo. Kisanduku kinamwomba mpiga kura ataje jina kamili la anayemchagua. Jina kamili, si "wa kwanza" wala "wa pili", maana zamani kuna watu walipita mashambani wakigawa sukari na kuwaambia wazee waseme "wa pili", basi. Mtu akinyamaza au asipoeleweka, anaulizwa tena, mpaka mara tatu. Kengele ikilia, unaingia kukichukua. Taa ya kijani maana yake kura imepokelewa. Nyekundu imekataliwa. Njano, walivyofundishwa kwenye semina, "imepokelewa kwa msaada." Mafunzo yalikuwa ya nusu siku, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza msaada gani.

Tusekile aliipenda kazi hii kuliko alivyowaambia watu. Mama yake alikuwa akimsimulia jinsi alivyokwenda kupiga kura akiwa na mimba yake ya miezi minane: alitoka nyumbani giza halijaisha, akateremka mpaka shuleni, akasimama kwenye foleni hadi miguu ikavimba na ndala zikakataa kuingia. "Nilirudi peku," mama husema, "lakini nilirudi nimepiga." Wengi hawakwenda. Wagonjwa hawakwenda, wenye vichanga hawakwenda, na waliokuwa mbali kazini walisikia matokeo redioni kama habari za nchi nyingine. Sasa katika siku hizi tatu Tusekile amepeleka kura kwa mwanamke aliyejifungua siku mbili tu, akapiga huku mtoto yuko titini. Amempelekea mzee anayepumulia mtungi. Baba yake mwenyewe yuko kwenye visima vya mvuke kaskazini, safari ya siku mbili, na jana alipiga kura hukohuko akiwa na mabuti ya kazi, na kura yake ikaja kuhesabiwa Itebula. Siku hizi kura ndiyo inayomfuata mtu alipo.

Na safari hii kulikuwa na sababu ya kuifuata. Mwenyekiti wa kata atakayechaguliwa ndiye atakayetia saini au atakayekataa kutia saini. Kampuni ya mvuke ilitaka chemchemi ya Nsyebe kwa ajili ya kupoza mitambo yake. Kajela Mwasomola, aliyekuwa mwenyekiti mpaka sasa, alishasema hadharani kwamba atasaini, na watu wa mlimani wataletewa maji kwa gari la tangi mara mbili kwa wiki. Mpinzani wake, Ambakisye Mwandemele, fundi wa mabomba, alisema kalamu yake haitagusa karatasi hiyo. Mlimani kila mtu alimwita Fundi. Nyumba ya kina Tusekile ilikuwa ya kwanza chini ya chemchemi. Maji ya Nsyebe yalipita nyuma ya jiko lao.

*

Saa sita mchana Bwana Gwamaka alifika na pikipiki yake isiyo na mlio kukagua kisanduku, kama kila siku. Ni msimamizi kutoka wilayani, mtu mnene, mwenye kitambaa cha kufutia jasho begani kama mchoma mahindi. Alichomeka kifaa chake ubavuni mwa kisanduku, akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Safi. Zimebaki nyumba ngapi?"

"Tatu. Bwana Gwamaka, nauliza. Taa ya njano inasaidia nini?"

Alichomoa kifaa. Hakumtazama. "Inasaidia kura isipotee."

"Isipotee vipi?"

"Njano si kazi yako, binti. Kazi yako miguu. Na unaifanya vizuri, nimewaambia hata wakubwa."

Tusekile alisubiri. Alishajifunza kwamba ukinyamaza mbele ya mtu mwenye kitu moyoni, mtu huyo hujaza mwenyewe ukimya. Bwana Gwamaka alifuta shingo mbele, akafuta nyuma.

"Sikiliza," alisema. "Ukitaka kuandika malalamiko, fomu ninazo. Lakini ujue. Malalamiko yakishaingia, sheria inasimamisha kapu zima. Kura zote zisizopigwa kituoni, za nyumbani na za mbali. Zinafutwa kata nzima, kwa sababu zinakaa kapu moja. Wagonjwa wako, wenye vichanga, walioko visimani, wote. Baba yako si yuko visimani?"

"Unanitisha?"

"Nakusomea sheria. Kuna watu wa kule juu wanamwomba Mungu kata moja tu ilalamike, wapate kusema kura za nyumbani hazifai, watu warudi foleni. Unataka iwe kata yako?"

Pikipiki iliondoka kimya, vumbi likabaki limesimama. Tusekile alibaki na swali lake, na sasa lilikuwa zito zaidi. Jumapili iliyopita Bwana Gwamaka alionekana nyumbani kwa Kajela, anakula ndizi na nyama ya mbuzi. Inawezekana ilikuwa njaa tu. Lakini Tusekile alikaa juu ya jiwe, akaziita nyumba za njano moja moja kichwani, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, kumi na moja zote. Na alipozipanga hivyo aliona kitu kilichomfanya asimame.

Zote zilikuwa nyumba za ukoo wao. Na ndani ya nyumba hizo taa ya njano haikuwaka kwa kila mtu. Kwa Sekela, binti yake wa miaka ishirini alipata kijani. Sekela akapata njano. Kwa baba mdogo, mwanamume alipata kijani, mkewe njano. Ilikuwa kwa wake tu: wanawake walioolewa na wana wa babu yake na wajukuu zake. Mashine haiwezi kujua nani ameolewa na nani, alijiambia. Kuna mtu amekaa mahali akatoa orodha. Na kama kuna orodha, basi jina la mama yake nalo limo.

*

Nyumba ya mwisho ilikuwa yao.

Mama yake, Tulinagwe, alikuwa ameshajiandaa. Alivaa kitenge cha kanisani, akafunga kilemba, akakaa kwenye kiti kilichoelekea kigoda, mikono mapajani. Tangu mwaka juzi magoti hayakumruhusu kufika hata barabarani.

"Mwaghonile, mpeleka kura," alisalimu kwa sauti ya mgeni rasmi.

"Mama jamani."

"Uko kazini. Weka hicho kitu tumalize, maharage yangu yako motoni."

Tusekile alikiweka. Mama alikisalimu, nacho kikamwitikia: "Karibu, Tulinagwe." Tusekile akatoka, akafunga dirisha, akafunga mlango, akaupa mgongo. Ilichukua muda. Sauti ya kisanduku ilipenya ubao wa mlango kila kilipouliza. Maneno ya mama hayakupenya, ila mnong'ono tu, na mwishowe hata mnong'ono haukuwepo. Kengele ikalia. Akaingia.

Njano.

"Nimemaliza," mama alisema, anajinyanyua taratibu. "Nimempa Fundi. Nsyebe haiendi popote."

"Mama, kaa kwanza. Umekiambia nini, neno kwa neno?"

"Kura si siri?"

"Ni siri yako, unaweza kumwambia mwanao."

"Nimekiambia Fundi. Kikajifanya hakielewi. Nikakiambia, Fundi, Fundi wa mabomba, nani asiyemjua? Kikauliza tena. Mara ya tatu nikanyamaza, nikakitazama tu. Kikaona aibu, kikashukuru."

Tusekile aliketi sakafuni. Kwenye semina, mwishoni kabisa, watu wakiwa wanakusanya mabegi, mwalimu alisema mpiga kura ana haki ya kukiuliza kisanduku juu ya kura yake mwenyewe mpaka saa kumi ya siku ya mwisho, na hata kuirudia. Hakuna aliyewahi kuitumia haki hiyo, kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

"Kiulize umeandikiwa nani."

Mama alimtazama, akakitazama kisanduku. "We kisanduku. Umeniandikia nani?"

"Kajela Mwasomola," kisanduku kilijibu.

"Nani?" Mama alishika ukingo wa kiti. "Mimi? Nilimtaja lini huyo?"

"Hukutaja jina leo. Kura ya mtu asiyetaja jina haiachwi ipotee. Inakisiwa kutokana na mazungumzo yake yaliyohifadhiwa na kisikizi cha nyumbani, kwa idhini aliyoisaini. Kwa miaka kumi na miwili umemtaja Kajela Mwasomola mara elfu mbili mia moja na nne."

"Nilikuwa namlaani!"

"Kutaja kwa hasira kunapunguziwa uzito. Hakuondolewi."

Wote wawili waligeuza shingo kutazama ukutani. Kisikizi kilikuwa palepale juu ya kalenda, cha duara, kidogo kama kifuniko cha chupa. Walisaini karatasi kiwekwe mwaka ule baba alipougua kifua. Kilikuwa kinasikia mtu akikohoa vibaya kinamwita mganga wa zahanati, na kweli kilimwokoa. Karatasi ilikuwa ndefu. Nani angeisoma yote, na mgonjwa anatapatapa kitandani?

"Kiulize na yule mwingine," Tusekile alisema polepole. "Umemtaja mara ngapi."

"Nitamuulizaje bila..." Mama akajikatiza. "Yule mpinzani wake," alikiambia kisanduku.

"Hujawahi kulitaja jina la mpinzani wake. Hata mara moja."

Hapo Tusekile alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimshika kama baridi ya asubuhi. Hakukuwa na orodha. Bwana Gwamaka alikula ndizi zake tu. Babu yake, mzee aliyegawa ardhi yote ya upande huu, aliitwa Ambakisye. Mke wa ukoo halitaji jina la baba mkwe, hata likiwa la mtu baki. Hata mtangazaji wa redio mwenye jina hilo akitajwa, mama huinamisha kichwa mpaka taarifa iishe. Zamani kituoni walibonyeza dole kwenye picha, hakuna aliyedaiwa neno. Sasa wake kumi na moja, na mama yake wa kumi na mbili, wamekiambia kisanduku "Fundi" kama wanavyoambiana kisimani, wengine wamenyamaza tu kama Sekela, wakadhani kimeelewa kama mtu yeyote wa mlimani angeelewa. Na kisanduku, kwa kuwa hakijawahi kusikia jina hilo vinywani mwao, kimeamua kwamba hawamtaki mwenye nalo.

"Kura kumi na mbili," alisema. "Fundi hapati hata moja. Mama, irudie. Muda upo, ni saa nane na nusu. Ukishairudia wewe nitawarudia wengine wote kabla ya saa kumi. Wewe ndiye mke wa mtoto mkubwa. Ukilisema wewe, hakuna atakayeogopa."

"Nikilisema nini?"

"Jina, Mama."

Mama hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alifungua kilemba na kukifunga upya, vidole vinatafuta pindo.

"Unajua babu yako alinipa nini? Baba yako akiwa mbali, ndugu walitaka shamba hili lirudi ukooni. Mzee alisimama pale uwanjani, mimi nimejikunja nyuma ya migomba nimekubeba wewe, na akasema bila kunitazama: hili ni la mama wa mtoto huyu, mwenye neno alete. Hakuna aliyeleta. Mimi sikuwahi hata kumpa maji kwa mkono wangu. Nilichoweza kumpa ni hicho tu, kutolitaja. Nimempa miaka ishirini na nane. Hajaniomba niache eti kwa sababu amekufa."

Maharage yalianza kunukia kuungua. Hakuna aliyeinuka.

"Shamba hilo bila Nsyebe ni udongo," alisema Tusekile.

"Najua. Si ndiyo maana nimevaa?" Mama aliinama mbele, akashusha sauti japo kisikizi kilikuwa kinasikia yote. "Tuseki. Watu wakipiga simu hawajui nani ameshika, mimi au wewe. Hata baba yako hukosea. Wewe ni mjukuu, wewe unalitaja. Nisemee."

Tusekile alitazama kisanduku. Alijua kingekubali, maana siku ya mafunzo kiliwachanganya dada wawili mapacha, mwalimu akacheka akasema tatizo dogo, litarekebishwa. Neno moja tu, kwa sauti hii aliyorithi. Nalo lingekuwa neno la kweli, lile lile ambalo mama analitaka. Kisha angepita nyumba kumi na moja, na huko nako wapo ambao wangesema, nisemee na mimi, binti. Mara mbili tatu kisanduku kingeikataa sauti yake, nyingine kingeipitisha. Tangu saa sita alikuwa anamtafuta mtu aliyesimama kati ya wanawake hawa na kura zao, akiwasemea wasichosema. Alimtafuta kwenye pikipiki, akamtafuta kwenye sahani ya ndizi. Sasa mtu huyo alikuwa anaombwa ajitokeze, na anayeomba ni mama yake.

"Siwezi, Mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Kisanduku kimekisia kwa nia njema, kimekosea. Mimi nikikusemea leo ni sahihi. Mwakani je? Mwakani nikiona hujui vizuri, nikaona ninajua zaidi yako? Ulirudi peku, Mama. Hukumtuma mtu."

Mama alifumba macho.

"Ni wewe na hiki tu," Tusekile aliendelea. "Mara moja. Sitasikia, maneno yako hayapenyi mlango. Nakuomba useme mwenyewe."

Alibonyeza kitufe cha kurudia. Taa ikawa nyeupe. Alipita jikoni akaipua sufuria, akatoka, akafunga mlango na kuupa mgongo kama sheria inavyotaka. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa chai. Nyuma ya jiko maji ya Nsyebe yalipita juu ya mawe.

"Karibu tena, Tulinagwe," kisanduku kilisema ndani. "Tafadhali taja jina kamili la unayemchagua."

Hakusikia mnong'ono. Alisikia kiti kikilia, kama mtu amehama ukingo mmoja kwenda mwingine.

"Tafadhali taja jina kamili la unayemchagua."

Mama alikohoa, kikohozi kile cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusimama kanisani. Kisha kimya. Tusekile alikuta mkono wake umeshika komeo. Akauondoa, akaufumbata kifuani.

"Tulinagwe," kisanduku kilisema mara ya tatu, kwa upole uleule, "tafadhali taja jina."